Bia ya Kahawa ya Mtani Wetu

Siku tuliyomzika babu mzaa baba nilitaka kumpiga mtu jiwe.

Nilikuwa mdogo, wa kuambiwa "kaa mbali na shimo", nikapanda kichuguu na watoto wenzangu tukawa tunaangalia watu wazima wakilia. Katekista amekwisha soma. Mwili umefungwa shuka jeupe, wanaume wameshika kamba. Ndipo akatokea mtu mrefu, kofia ya reli kichwani, simjui. Akapasua watu kama anayewahi treni, akaruka ndani ya kaburi, akalala chali. Kweli kabisa. Akalala mle na kofia yake, akakunja mikono kifuani.

"Leo hazikwi mtu hapa," akasema kutoka kule chini. "Huyu mzee alikunywa maji yetu kila alipokwenda pwani na kila aliporudi, hajalipa hata tone. Nileteeni kuku. Na awe jogoo, maana mitetea ya Kinyamwezi nyama yake ngumu kama mabega yenu."

Nikaokota jiwe. Nikamtazama baba, nione kama ananiruhusu. Baba alikuwa anacheka. Machozi bado yako mashavuni, na anacheka. Wanawake wamejiziba midomo kwa ncha za kanga, mabega yanatikisika. Mtu akakimbia nyumbani, akarudi na jogoo amefungwa miguu, akamteremshia yule bwana mle shimoni. Akampokea, akampima uzito, akalalamika kwamba amekonda kama wenyewe, kisha akampandisha juu. Baada ya hapo hakutoka. Alibaki kaburini, na yeye ndiye aliyempokea babu upande wa kichwa, akamlaza taratibu kama mtoto aliyesinzia. Halafu akalia kuliko sisi wote.

Jiwe lilinitoka mkononi lenyewe.

Jioni baba akanieleza. Yule ni Mgogo, anafanya kazi kwenye reli, babu hakumfahamu hata kidogo. Amesikia tu kuna msiba wa Wanyamwezi akaja, kwa sababu ni mtani. Zamani wazee wetu walibeba pembe na mizigo mabegani kutoka hapa Tabora kwenda pwani, na katikati ya njia walipita Ugogo, nchi kavu, wakadaiwa hongo ya maji. Walipigana, wakachoka kupigana, wakaanza kutukanana. Ukitukanana na mtu miaka mingi na hakuna anayekufa, huyo amekuwa ndugu. Ndivyo alivyonieleza. Akaongeza kwamba mtani akikutukana, mjibu. Ukinyamaza umemkataa.

Nayasema haya kwa sababu ya bia. Najua bia yenyewe bado hamjaiona. Inakuja.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, nikaenda kwenye tumbaku, karanga na mizinga ya nyuki, na huko ndiko nilikozeekea. Pombe naijua. Wanzuki naijua, ile ya asali, tangu ikiwa tamu ya watoto mpaka inapokuwa kali ya kuvunja ndoa. Ya mtama naijua. Za kiwandani nazo nimezinywa, ingawa hizo zote kwangu ni dada mmoja aliyebadilisha gauni. Marehemu mke wangu alikuwa Mmoraviani, mimi Mkatoliki, na sharti lake lilikuwa moja: pombe isivuke kizingiti. Nikawa nanywea kibaraza cha nyuma, karibu na ua wa minyaa. Ametangulia zamani sasa, na mpaka leo sijawahi kunywea ndani. Siku moja ya mvua nilijaribu, nikaona kama ananiangalia, nikatoka na bilauri yangu nikalowa.

Basi, binti yangu. Wa pili huyu, alifiwa na mumewe mapema akarudi hapa kwangu Itetemia. Ana cherehani yake mtaa wa Ng'ambo, kwenye baraza la duka la kitambaa, anashona sare za shule na majoho ya kwaya. Ni mtu wa kimya. Mumewe alipokufa aliacha kuimba, naye alikuwa mwimbaji, tangu mtoto hakufua nguo bila wimbo. Miaka yote hiyo nilisikia maji tu kwenye beseni.

Halafu asubuhi moja nikasikia wimbo.

Sikuuliza. Mzazi akiuliza mapema anaharibu. Nikangoja, na habari ikaja vipandevipande. Nyuma ya pale anaposhonea, mtu mmoja alikuwa amepanga ua, akaingiza matangi ya chuma yanayong'aa, anapika bia. Si kiwanda, ni yeye na mikono yake. Alikuja kwa binti yangu kutaka ashonewe mifuko ya kitambaa cha marekani, mirefu, myembamba, kama soksi za jitu. Akaulizwa ni ya nini. Akasema ya kuwekea kahawa, kisha mfuko unazamishwa ndani ya bia. Binti yangu akacheka. Mifuko ikashonwa, ikarudishwa kupunguzwa, ikarudishwa tena kuongezwa, na mimi nina akili zangu, mfuko wa marekani hauna vipimo vingi hivyo.

"Baba," akaniambia siku moja, anachambua mchicha, hanitazami. "Jumamosi utapata mgeni. Anataka uonje bia yake."

"Bia tu?"

"Na ana neno."

"Neno zito au jepesi?"

"Baba!"

"Ukoo gani huyo mwenye neno?"

Akalitaja jina la ukoo. Nikajipiga paja. Jina la Kigogo safi, jina ambalo hata mlevi usingizini angejua limetoka wapi. Mtani! Nikamwita dada yangu, shangazi yao, ambaye katika ukoo wetu ndiye mwenye kauli mposaji anapokuja. Baba anaweza kukubali, shangazi akikataa hakuna harusi. Dada yangu aliposikia akacheza palepale uani, na magoti yale mabovu. "Mgogo anataka kuoa kwangu!" anasema. "Nitamla na kofia yake!"

Binti yangu hakucheka. Alisubiri shangazi yake aondoke, akaniambia, "Baba, ile bia ndiyo maisha yake. Aliacha kazi ya ofisini kwa ajili yake. Watu wengi wamemcheka."

"Hapa hatumcheki mtu," nikamwambia.

Na nilikuwa nasema kweli, kwa jinsi nilivyoelewa mimi.

Jumamosi dada yangu alikuja mapema na jogoo kwapani. Mwekundu, mkia wa kujivuna. Akamfunga mguu kwenye mti wa papai nyuma ya jiko. "Huyu wa nani?" nikamuuliza. "Wa mtani," akasema. "Akinijibu vizuri, anaondoka naye. Akiondoka naye, mjue nimetoa mtoto." Kwa hiyo neno lake lilikuwa limefungwa pale kwenye mpapai hata kabla mgeni hajafika. Nataka hilo lieleweke.

Alikuwepo pia jirani yangu, mzee wa watu waliotoka Omani na biashara zao enzi za misafara, ingawa yeye Omani kwenyewe hajafika na Kinyamwezi chake ni kizuri kuliko cha wajukuu zangu. Pombe hagusi. Lakini kahawa anaikaanga mwenyewe, kwenye kikaango cha chuma, na upepo ukivuma kutoka kwake mtaa mzima unaamka. Nilimwalika kwa ajili ya ile kahawa.

"Mimi nitanusa tu," akasema. "Pua haina dhambi."

Mgeni akafika jua limeanza kulegea, kwa miguu, amebeba deli begani. Mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, miwani. Akatoa shikamoo kwa mpangilio mzuri, kwangu, kwa jirani, kwa dada yangu.

"Marahaba siitoi bure," dada yangu akamwambia. "Wagogo mmekunywa hongo zetu miaka mingapi? Leo ndiyo mnajifanya mna adabu?"

Akatabasamu, akainamisha kichwa. Dada yangu akanikonyeza. Tukaona huyu ni mjanja, anatunza risasi zake.

Akafungua deli. Chupa za kahawia kwenye barafu, zimebandikwa picha ya kanga, yule ndege. Akatoa na bilauri zake mwenyewe, zina kiguu kimoja kirefu.

"Hizi mbona zimesimama kama korongo?" dada yangu akauliza.

"Ni kwa ajili ya kushika bila kuipasha joto, mama."

Tukamuuliza hiyo ni bia ya namna gani. Akasema inaitwa aipiei. Zamani, alisema, Waingereza walikuwa na watu wao India, na bia ikipelekwa kwa meli ilifika imeharibika. Basi wakazidisha yale maua machungu yanayotiwa kwenye bia, ili ivumilie safari. Akatuonyesha maua yenyewe kwenye kimfuko. Yamesagwa na kugandamizwa yakawa punje za kijani, kama chakula cha sungura. Yeye ameongeza kahawa ya Mbozi.

"Unaichemsha?" jirani akauliza.

"Hapana, mzee. Inalowekwa. Baridi kabisa."

"Kama maharage?"

"Kama maharage. Ikichemka inatoa ukali mbaya."

Jirani akabaki anaifikiria kahawa. Mimi nilikuwa nimebaki kwenye safari. Kumbe ni bia ya msafara, nikajiambia. Imetiwa uchungu ili ifike. Nikamfikiria babu, na bega lake lenye nundu ngumu ya mzigo, ambalo nikiwa mtoto nilikuwa naligonga kwa kidole kama mlango.

Akamimina. Na hapa tazama: akajitilia yeye kwanza, kidogo, akainua kwenye mwanga, akanusa, akanywa, ndipo akatujazia sisi. Kwetu mwenye pombe hunywa kabla ya mgeni, kutoa sumu, watu wajue hawajaletewa kifo. Dada yangu akanigusa kiwiko. "Umeona? Mila anazijua." Hilo lilitupoteza zaidi ya yote. Maana baadaye niliambiwa wapika bia hao wote hufanya hivyo, popote walipo, kuangalia kama bia yao imeharibika.

Sasa niseme nilichoonja, maana niliitwa kuonja.

Rangi yake ni ya asali ya zamani, ile ya mzinga uliosahauliwa. Juu povu zito, linashika ukutani mwa bilauri. Nikanusa. Kwanza ikaja ganda la chungwa linapomenywa, ule ukungu unaorukia macho. Chini yake majani mabichi. Chini kabisa, kwa mbali, kahawa, kama unapita nyumbani kwa jirani naye yuko uani anakaanga lakini humwoni. Jirani mwenyewe alipopewa bilauri akafumba macho, akaivuta puani muda mrefu.

"Haijaungua," akasema. "Aliyekaanga hii ana subira." Akairudisha mezani kwa heshima. "Masikini kahawa, umeingia na kina nani humu?"

Nikanywa. Uchungu! Uchungu ulinishika pande zote mbili za ulimi kama koleo. Na mimi nikarudi hospitali ya Kitete, nina umri wa yule mtoto wa kwenye kichuguu, nina homa, mama amenibana magotini na muuguzi ana kijiko cha kwinini. Nilikuwa nikipigana na ile dawa, natema, nalia. Mama akaninong'oneza sikioni: usigombane nayo, ingoje, ina mlango wa nyuma. Nikangoja, kweli, baada ya uchungu mdomo ukawa msafi, baridi, hata maji yakawa matamu. Basi na hii nikaingoja. Uchungu ukapita taratibu, ukafungua, ikaingia kahawa, halafu kama mkate ulioiva ukoko, na mwisho kabisa kitu ambacho sikukitarajia, ladha ya moshi wa kufukuzia nyuki.

Funda la kwanza sikulipenda, nisidanganye. La pili lilininyamazisha. La tatu nililinywa kwa sababu la pili lilikuwa limekwisha na mimi nilitaka kujua lilikuwa linasema nini.

Yeye hakunywa tena. Alikuwa anatazama koo langu. Kila nilipomeza, naye alimeza mate. Jikoni nyuma yetu mchi ulikuwa unatwanga karanga, na kila tulipokaa kimya na mchi nao ulinyamaza.

"Mzee," akasema hatimaye. "Unaionaje?"

Si mimi wa kujibu kwanza. Nikamgeukia dada yangu. Alikuwa amemaliza bilauri yake yote, mpaka povu. Akaiweka chini. Akatema mate pembeni, akajifuta mdomo kwa mkono wa gauni.

"Hii?" akasema. "Wagogo, kweli ukame umewamaliza. Mmekosa maji mpaka mnakamua masizi ya chungu! Nilisikia kiangazi mnakunywa mkojo wa ng'ombe, sikuamini. Leo mmeutia kahawa, mmeuvalisha bilauri ya mguu mmoja, mmeniletea mimi!"

Jirani akacheka mpaka kofia ikamtoka. Na mimi, kwa kuwa mgeni alikuwa ameniuliza mimi, nikaona si vizuri kumwacha bila neno.

"Punda wa jirani akionja hii," nikasema, "atakata kamba arudi Dodoma kwa miguu."

Tukacheka watatu. Kicheko kizuri, cha watu walioshiba furaha. Dada yangu alikuwa ameegemea mbele, macho yanamng'aa, anangoja. Na majibu yalikuwepo tele, yamelala chini kama karanga zilizong'olewa, ni kuokota tu! Angesema wapagazi mnajua nini juu ya bia, mizigo imewaponda mpaka ulimi. Angesema Mnyamwezi hupewa asali akaomba chumvi. Mtoto wa Kigogo wa miaka saba angetumaliza.

Hapa itabidi niingize kitu ambacho wakati ule sikukijua, binti yangu alikuja kunieleza baadaye. Yule bwana kazaliwa Dar es Salaam. Baba yake, huyo mwenye jina la Kigogo, alifariki yeye akiwa hajaanza kutembea, akalelewa na mama wa kabila jingine kabisa, huko mjini ambako watu hutaniana juu ya mpira. Dodoma anaijua kwa kupita na basi. Kitu pekee cha Kigogo alichopewa maishani kilikuwa jina. Na alipoacha kazi, ndugu wa mama yake walimkalisha wakamwambia bia yake ni ujinga, wakacheka, na wale hawakuwa watani. Binti yangu hakumwonya juu yetu, kwa sababu nani anamwonya mtu juu ya utani? Ni kama kumwonya kwamba kwetu tunakula ugali.

Basi yeye alikaa pale, bilauri mkononi. Hakukasirika, uso wake haukubadilika. Aliinywa ile iliyobaki kwenye bilauri yake polepole, akafuta mguu wa bilauri kwa leso, akaiweka mezani katikati ya zetu. Akatazama upande wa jikoni. Mchi ulikuwa umenyamaza.

"Nimeelewa," akasema. "Asanteni wazee wangu." Akasimama. "Nakuja."

"Nenda!" dada yangu akamwambia. "Kaokote tusi kubwa, haya madogo hayanitoshi!"

Akatoka. Deli akaiacha, chupa akaziacha, na zile bilauri zake. Tulimwona kwa mgongo akifungua lango la miti, akapita, akageuka kulifunga, akaizungusha kamba vizuri kwenye kigingi, anavyofanya mtu anayeheshimu mji wa watu. Halafu akashika ile njia ya zamani inayopita nyuma ya minyaa, njia waliyoikanyaga wazee wetu na mizigo yao, akielekea upande wa jua linakotoka.

"Mwacheni," dada yangu akasema, anasugua mikono. "Mtani akinyamaza hivi anarudi na jambo. Kesho mtasikia amenyakua mbuzi wangu."

Binti yangu akatoka jikoni na sahani ya karanga za kukaanga. Akahesabu watu kwa macho.

"Yuko wapi?"

"Anakuja," nikamwambia. "Amesema anakuja."

Akasimama na ile sahani, anatazama bilauri zilizokusanywa katikati ya meza. Nikajimiminia nyingine, maana niliitaka, na nilikuwa nimepanga akirudi nimwambie ule mlango wa nyuma nimeuona. Jogoo akawika kwenye mpapai. Dada yangu akamwambia anyamaze, mwenyewe yuko njiani.

Hakurudi.